Kupima Nishati Inayopotea Mpira Unapodunda: Mwongozo Kamili kwa Simu na Tepu ya Fundi

Achia mpira wa tenisi kutoka usawa wa kifua juu ya sakafu ya saruji. Utapanda, lakini hautafika mkononi. Mdundo unaofuata utakuwa mfupi zaidi, na unaofuata huo mfupi zaidi tena, mpaka mpira utulie. Kila mtu ameliona hilo tangu utotoni. Wachache wamewahi kulipima, na wengi wa hao walifundishwa njia dhaifu kuliko zote: mmoja anaachia mpira, mwenzake anachuchumaa kando ya rula na kukisia kwa macho ulipofika.

Ipo njia bora kuliko hiyo, na vifaa vyake unavyo tayari. Badala ya kuutazama mpira, utausikiliza. Maikrofoni ya simu ya kawaida inatenganisha sauti mbili kwa usahihi ambao jicho haliwezi kuukaribia, na muda kati ya sauti mbili za mdundo unatosha kukuambia mpira ulipanda kiasi gani na nishati kiasi gani imepotea. Mwalimu wa fizikia anaweza kuifanya na darasa zima kwa kipindi kimoja, na mwanafunzi anaweza kuifanya peke yake nyumbani.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko fomula yoyote: namba utakayoipata si mali ya mpira peke yake. Ni ya mpira huo, juu ya sakafu hiyo, kwa kasi hiyo, katika joto hilo. FIFA wanapopima mpira wa miguu wa daraja la juu, wanauachia kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma, nao unatakiwa kurudi kati ya sentimita 135 na 155. Wanapopima uwanja wa nyasi bandia wa daraja la juu, wanaachia mpira kutoka mita 2 zilezile, na safari hii unatakiwa kurudi kati ya sentimita 60 na 85 tu. Juu ya chuma mpira unabaki na takriban asilimia 68 hadi 78 ya nishati yake. Juu ya nyasi, asilimia 30 hadi 43. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "mpira fulani hupoteza asilimia 30", uliza kwanza ulidundia wapi na uliachiwa kutoka juu kiasi gani.

Hasara inatokea wapi

Mpira ulioshikwa juu una nishati tuli: masi yake, mara mchapuko wa mvutano wa dunia, mara kimo chake. Ukiachiwa, nishati hiyo inageuka kuwa nishati mwendo. Ukigusa sakafu unabonyea, unasimama kwa kitambo kidogo sana, kisha unajirudishia umbo lake na kuruka. Hasara iko hapo, katika kubonyea na kujirudishia umbo. Raba haiirudishi nishati yote iliyotumika kuibonyeza. Sehemu inabaki ndani yake kama joto. Ganda la mpira linaondoka sakafuni bado linatetema, na mtetemo huo nao unaishia kuwa joto. Sakafu inachukua fungu lake: ndogo mno kwenye zege nene, kubwa kwenye zulia, mchanga, au kigae kilichobanduka chini. Ile sauti tunayoisikia ni sehemu ndogo sana ya hasara, ingawa ndiyo itakayotufanyia kazi yote.

Joto lenyewe usitarajie kulihisi kwa kidole. Mpira wa tenisi ukiachiwa kutoka mita moja na nusu, mdundo mmoja unaupasha joto kwa chini ya sehemu moja ya mia ya digrii. Ndiyo maana hatulipimi joto. Tunapima kilichobaki, kisha tunatoa.

Hesabu unayoihitaji, na hakuna zaidi

Masi haibadiliki kabla na baada ya mdundo, wala mvutano wa dunia haubadiliki. Basi uwiano wa nishati ni uwiano wa vimo. Ukiachia kutoka kimo h₀ na mpira ukapanda hadi h₁:

sehemu ya nishati iliyobaki = h₁ ÷ h₀
sehemu iliyopotea = 1 − (h₁ ÷ h₀)

Wanafizikia hupenda pia kutumia herufi e, ambayo ni kasi ya kuondoka sakafuni gawanya kwa kasi ya kuifikia. Nishati mwendo inafuata mraba wa kasi, kwa hiyo sehemu ya nishati iliyobaki ni e². Hapa wengi huteleza. Mtu akisikia e ni 0.9 anadhani hasara ni asilimia 10. Siyo: 0.9 × 0.9 ni 0.81, na hasara ni asilimia 19.

Sasa muda. Mpira unaoondoka sakafuni kwa kasi v unatumia muda v ÷ g kufika kileleni, ambapo g ni ule mchapuko wa mvutano wa dunia, na muda uleule kushuka. Muda wote hewani ni t = 2v ÷ g. Kutoka hapo tunapata fomula mbili zitakazobeba kazi nzima:

kimo, h = g × t² ÷ 8
e = t₂ ÷ t₁, yaani muda wa mruko mmoja gawanya kwa muda wa mruko uliotangulia

Kwa g usitumie 10. Itakuletea kosa la zaidi ya asilimia 2 kwenye kila kimo, na kosa hilo halitaondoka hata ukirudia jaribio mara elfu. Vitabu vingi vinaandika 9.81, namba inayofaa Ulaya. Huku kwetu karibu na ikweta, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, 9.78 ndiyo sahihi zaidi.

Vifaa

Simu yenye programu ya kurekodi sauti. Tepu ya fundi, ile ya chuma inayojikunja. Mpira. Sakafu ngumu. Kikokotoo. Mizani ya jikoni ukitaka jibu kwa jouli; kwa asilimia huihitaji. Timazi ya fundi mwashi itasaidia kusimamisha tepu wima, na pima maji itakuonyesha kama sakafu imelala sawa. Sakafu ikiinama, mpira utakimbilia upande mmoja na kuharibu kila kitu.

Kwa kusoma sauti una njia mbili. Ya kwanza ni programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kwa ajili ya majaribio ya fizikia kwa simu. Ndani yake kuna jaribio la mpira unaodunda: unaliwasha, unaachia mpira, nalo linakupa muda wa kila mruko, vimo, na asilimia ya nishati. Ya pili ni kurekodi kwa programu yoyote, kisha kufungua rekodi kwenye kompyuta kwa Audacity, nayo ni ya bure, na kupima mwenyewe umbali kati ya sauti.

Ninapendelea njia ya pili kwa anayejifunza, hata kama ni ya polepole. Phyphox inakupa jibu. Audacity inakuonyesha jibu linatoka wapi, na siku mlango ukibamizwa katikati ya rekodi utaona kwa macho yako kwamba kilele kile si mdundo. Ukishaelewa, rudi kwenye phyphox ufanye majaribio mengi kwa haraka.

Hatua ya 1: Chagua na kagua sakafu

Gonga sakafu kwa kifundo cha kidole mahali unapotaka kudundisha na pembeni yake. Kigae kilichobanduka kinatoa sauti ya uwazi, na kitakula nishati isivyo kawaida. Zege tupu au terazo ni bora. Zoa vumbi na mchanga: punje moja chini ya mpira inatosha kuupeleka upande. Weka alama ndogo ya chaki pale mpira unapotakiwa kugusa.

Hatua ya 2: Weka kimo cha kuachia

Simamisha tepu wima ukutani na uweke alama kwenye mita 1.50. Kimo kinapimwa kutoka sakafuni hadi chini ya mpira, si katikati wala juu yake. Kwa mpira wa miguu, wenye kipenyo cha karibu sentimita 22, kuchanganya chini na katikati ni kosa la sentimita 11, nalo linatosha kulifanya jaribio zima halina maana.

Kimo hiki ndicho kitu pekee ambacho simu haiwezi kukupimia. Mpira ukiachiwa hautoi sauti, kwa hiyo simu inaanza kusikia kwenye mgongano wa kwanza. Pima kwa tepu, na upime kwa makini.

Hatua ya 3: Weka simu

Ilaze simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka kwenye alama ya chaki. Kitambaa kinazuia mtetemo wa sakafu usiingie moja kwa moja kwenye mwili wa simu. Sauti inatumia karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja, lakini ucheleweshaji huo ni uleule kwa kila mdundo, kwa hiyo unajifuta wenyewe mradi simu isisogezwe na mpira usihame sana.

Zima feni, funga dirisha, weka simu kimya. Kama programu yako inaruhusu, rekodi katika aina ya faili iitwayo WAV: Audacity inaifungua bila kuhitaji nyongeza yoyote. Epuka ujumbe wa sauti wa mitandao ya kijamii, kwa sababu programu hizo huweza kusafisha kelele, na mdundo hafifu wa mwisho huonekana kwao kama kelele.

Hatua ya 4: Achia

Shika mpira kwa vidole viwili pembeni, subiri utulie, kisha fungua vidole kwa pamoja. Usisukume, usizungushe. Mpira unaozunguka umebeba nishati ya mzunguko ambayo hesabu yetu haiioni, na ukigusa sakafu sehemu yake inageuka kuwa mwendo wa pembeni. Ukiwa na alama kwenye mpira, kama nembo au mshono, utaona mara moja kama umeuzungusha: inatakiwa ishuke ikiwa imetazama upande uleule.

Acha udunde mara nne au tano bila kuugusa. Kisha rudia. Mara kumi ni idadi nzuri. Ukiona mpira umekwenda kombo, andika hapohapo "umekwenda kombo" na uifute rekodi hiyo. Usisubiri kuona namba ndipo uamue ipi ya kutupa. Ukifanya hivyo unachagua jibu ulilolitaka.

Hatua ya 5: Soma sauti

Kwenye Audacity utaona mstari uliolala, na kila mgongano ni mwiba unaochomoza ghafla kisha kufifia kwa mkia. Ukiukuza mwiba mmoja, utakuta upande wa kushoto unapanda karibu wima na upande wa kulia unatetema ukipungua. Soma daima mwanzo wa upande wa kushoto, pale mstari unapoacha utulivu kwa mara ya kwanza. Usisome kilele, maana kilele huhama kulingana na nguvu ya mgongano.

Teua kutoka mwanzo wa mwiba wa kwanza hadi mwanzo wa wa pili, na usome urefu wa uteuzi chini ya dirisha katika sekunde na milisekunde. Huo ndio t₁. Wa pili hadi wa tatu ni t₂, na kuendelea. Rekodi ya kawaida huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo mashine inaweza kutofautisha sehemu ndogo sana ya milisekunde. Kinachokuwekea mpaka ni uwezo wako wa kuamua mwiba umeanzia wapi, na kwa uangalifu hiyo ni milisekunde 1 au 2.

Hatua ya 6: Kokotoa

Tuchukue mfano wa namba zinazofanana na utakazozipata kwa mpira wa tenisi wenye gramu 58, ulioachiwa kutoka mita 1.50. Tuseme migongano imesikika kwenye sekunde 2.314, 3.136, 3.756 na 4.227.

t₁ = 0.822, t₂ = 0.620, t₃ = 0.471

h₁ = 9.78 × 0.822² ÷ 8 = mita 0.826
h₂ = mita 0.470
h₃ = mita 0.271

Nishati iliyobaki baada ya mgongano wa kwanza ni 0.826 ÷ 1.50, yaani 0.551. Baada ya wa pili, 0.470 ÷ 0.826, yaani 0.569. Baada ya wa tatu, 0.577.

Tazama namba hizo tatu kwa makini. Hazilingani, na hazipandi kwa bahati. Kadiri mpira unavyogusa sakafu polepole ndivyo unavyobonyea kidogo, na ndivyo unavyorudisha sehemu kubwa zaidi ya nishati. Mipira mingi ina tabia hii. Anayechukua wastani wa namba tatu na kuandika "0.566" ametupa jambo la kuvutia kuliko yote katika data yake. Chora grafu: kasi ya kugusa sakafu kwenye mstari wa chini, sehemu ya nishati iliyobaki kwenye mstari wa wima. Kasi unaipata kwa v = g × t ÷ 2, kwa kutumia muda wa mruko uliotangulia mgongano. Kwa mgongano wa kwanza, ambao haukutanguliwa na mruko, tumia kipeuo cha pili cha 2 × g × h₀.

Ukitaka jouli, zidisha masi kwa kilo, mara 9.78, mara kimo. Mpira wetu ulianza na jouli 0.851. Mgongano wa kwanza umechukua jouli 0.382, wa pili 0.202, wa tatu 0.113. Kwa hiyo ingawa asilimia hazibadiliki sana, mgongano wa kwanza unakula zaidi ya hiyo miwili inayofuata ikijumlishwa.

Kosa la kipimo: sehemu ambayo watu huiruka

Jibu lisilo na kosa lake halijakamilika. Ukisoma kila mwiba kwa uhakika wa milisekunde 2 huku au huku, t₁ ina shaka ya kama milisekunde 3 katika 822, yaani asilimia 0.4. Kimo kinafuata mraba wa muda, kwa hiyo shaka yake ni mara mbili, kama asilimia 0.7, ambayo ni milimita 6. Linganisha na mtu anayekisia kwa jicho kando ya rula: sentimita 2 au 3 ni kawaida kabisa.

Kwa uwiano kama h₂ ÷ h₁ kuna kitu cha kuangalia zaidi. Mwiba wa kati unatumika mara mbili. Ukiusoma kwa kuchelewa, t₁ inarefuka na t₂ inafupika, na makosa mawili yanasaidiana kuharibu uwiano. Kwa mfano wetu shaka inafika karibu asilimia 1.4, kwa hiyo jibu la haki ni 0.57 kwa kosa la 0.01. Kuandika 0.5689 ni kujidai.

Kisha tazama mtawanyiko wa majaribio yako kumi. Ukiwa mkubwa kuliko kosa ulilolikokotoa, kitu kingine kinabadilika kati ya jaribio na jaribio: mpira unazunguka, unagusa mahali tofauti, au mshono unagusa sakafu mara moja na kukosa mara nyingine.

Muda wa kugusana

Sauti inaanza mpira unapoigusa sakafu, lakini mruko unaanza mpira unapoiacha. Katikati kuna muda wa kugusana, ambao kwa mpira wa tenisi ni karibu milisekunde 5, na kwa mpira wa miguu ni zaidi. Kwa hiyo muda uliousoma ni mrefu kidogo kuliko muda halisi wa kuwa hewani. Kwa mpira wa tenisi, kutoa milisekunde 5 kunashusha h₁ kwa kama asilimia 1.2, wakati uwiano wa t₂ kwa t₁ unabadilika kidogo sana.

Hili si la kinadharia tu. Njia ya FIFA ya kupima viwanja hutumia sauti vilevile, na fomula yao ni H = 1.23 × (T − 0.025)² × 100, ambapo H ni kimo kwa sentimita na T ni sekunde kati ya mgongano wa kwanza na wa pili. Hiyo 1.23 ni 9.81 gawanya kwa 8, fomula yetu ileile. Na 0.025 ni marekebisho ya muda wa kugusana juu ya nyasi, ambazo zinabonyea kwa muda mrefu kuliko saruji. Shule yenye uwanja wa nyasi bandia jirani inaweza kufanya kipimo hicho kwa simu na kupata namba ya kulinganisha na kiwango.

Hewa

Kwa gololi, mpira wa tenisi au wa kikapu, vimo vya chini ya mita 2 havisumbuliwi sana na hewa. Kwa mpira wa tenisi ya meza ni habari nyingine kabisa. Una gramu 2.7 tu kwenye kipenyo cha milimita 40, na kasi yake haiwezi kupita takriban mita 9 kwa sekunde hata ukiuachia kutoka ghorofani. Ukiuachia kutoka sentimita 30, hewa inakula karibu asilimia 4 ya nishati kabla haujagusa chochote. Kutoka mita 2, inakula zaidi ya moja ya tano. Usiposema hivyo, utaihesabu hasara ya hewa kama hasara ya mgongano.

Kanuni za tenisi ya meza zimekaa vizuri hapa: meza inatakiwa kuurudisha mpira karibu sentimita 23 ukiachiwa kutoka sentimita 30, kimo ambacho hewa bado haijawa na nguvu. Tumia kimo hicho nawe. Ukihitaji kupanda juu zaidi, acha t₁ na utumie miruko ya mwisho, ile mifupi.

Kama sauti haiwezekani

Juu ya zulia, mchanga au nyasi ndefu mdundo haupigi kelele. Mpira wa chandimu, ule wa matambara na mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba, hutoa sauti moja tu na kukaa. Hapo tumia video. Habari njema ni kwamba kileleni mpira karibu umesimama: hata kamera ya picha 30 kwa sekunde haiwezi kukosa kilele kwa zaidi ya milimita 1 au 2. Kinachoharibu ni pembe. Tepu ikiwa sentimita 20 nyuma ya mpira, kamera ikiwa mita 2 kutoka kwenye mpira na chini ya kilele kwa nusu mita, utasoma sentimita 5 za uongo. Dundisha karibu kabisa na tepu, na weka kamera usawa wa kilele unachokitarajia, hata kama utalazimika kufanya jaribio la kwanza ili kukijua tu.

Majaribio yanayostahili muda wako

Mpira uleule, sakafu tofauti: saruji, mbao, zulia, udongo ulioshindiliwa. Hili ndilo la kwanza ningelifanya na wanafunzi, maana ndilo linaloonyesha kwamba namba ni ya wawili, mpira na sakafu. Kisha joto: weka mpira mmoja wa tenisi kwenye jokofu kwa saa moja na mwenzake juani, uvidundishe vyote viwili mara tu unapovitoa. Wa baridi utarudi chini zaidi. Kisha upepo: sheria za mpira wa miguu zinaruhusu shinikizo la 0.6 hadi 1.1 ya angahewa, na kwa pampu yenye kipimo unaweza kuchora grafu nzima ya nishati iliyobaki dhidi ya shinikizo.

Mipira ya tenisi ina kiwango cha kujipima nacho. Ya aina ya kawaida ikiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu kama zege, inatakiwa kurudi kati ya sentimita 135 na 147, yaani kubaki na asilimia 53 hadi 58. Mfano wetu wa juu umeangukia humo. Mpira wa zamani uliopoteza upepo hautafika.

Vitu viwili vinapogongana

Sakafu haisogei, na hilo limeturahisishia kazi. Vitu viwili vinavyosogea vyote vinahitaji njia nyingine, na bora ninayoijua ni ileile aliyoitumia Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687: mipira inayoning'inia kwa kamba. Kwa njia hiyo alipata kwamba mipira ya sufu iliyokazwa iliachana kwa kasi ya 5 kwa 9 ya ile iliyokutana nayo, na ya kioo 15 kwa 16. Geuza kuwa nishati ya kukaribiana: sufu ilirudisha asilimia 31, kioo asilimia 88.

Chukua gololi mbili kubwa zinazolingana, au mipira miwili ya aina moja. Ning'iniza kila mmoja kwa mishipi miwili yenye umbo la V, ili usiyumbe kando, urefu wa mita 1 hadi katikati ya mpira, na igusane kidogo ikiwa imetulia. Weka rula iliyolala chini yake. Vuta mmoja sentimita 20 pembeni na uuachie. Kwa pembe ndogo, kasi ya mpira chini kabisa inalingana na umbali uliovutwa, kwa hiyo huhitaji kupima kasi: sentimita zenyewe zinatosha. Kwa kamba ya mita 1, sentimita 20 ni kasi ya mita 0.63 kwa sekunde hivi.

Rekodi video kutoka mbele na usome kila mpira umefika wapi baada ya kugongana. Tuseme uliogongwa umefika sentimita 18.9, na uliogonga umeendelea mbele sentimita 1.1. Kwanza hakiki: kwa masi zinazolingana, jumla ya hizo mbili inatakiwa iwe 20. Ikipungua kidogo ni hewa na kamba. Ikipungua sana, mipira haikugongana katikati. Newton aliiacha pendula iyumbe peke yake kwanza, bila mgongano, ili ajue hewa inachukua kiasi gani, na nawe fanya hivyo.

e = (18.9 − 1.1) ÷ 20 = 0.89
nishati iliyobaki = (18.9² + 1.1²) ÷ 20² = 0.896

Hasara ni asilimia 10.4 tu. Lakini mpira wenye e ya 0.89 dhidi ya sakafu ungepoteza asilimia 21, karibu mara mbili. Sababu ni kwamba mipira yote miwili kwa pamoja lazima iendelee kusonga mbele baada ya mgongano, na nishati ya mwendo huo wa pamoja hakuna mgongano unaoweza kuigusa. Hata ukiweka matonge mawili ya udongo mbichi yanayonatana, yenye masi sawa, utapoteza nusu kamili, na hapo e ni sifuri.

Kwa masi tofauti, kitu cha masi m kikigonga kitu cha masi M kilichotulia, fomula ni hii:

sehemu inayopotea = (1 − e²) × M ÷ (m + M)

Weka dunia nzima mahali pa M na utarudi kwenye 1 − e² ya sakafuni. Weka msumari wa gramu 10 chini ya nyundo ya gramu 500, na hasara haiwezi kuzidi asilimia 2 hata e ikiwa sifuri: karibu nishati yote inabaki kwenye mwendo wa kuusukuma msumari ndani ya mbao. Mhunzi anataka kinyume chake, nishati ya nyundo ibaki kwenye chuma chekundu na kukibonyeza, ndiyo maana fuawe yake inakuwa nzito mara nyingi kuliko nyundo. Nyundo ya kilo 2 juu ya fuawe ya kilo 50 inaweza kuacha hadi asilimia 96 ya nishati yake kwenye chuma kinachofuliwa. Juu ya kipande cha chuma cha kilo 2 kilichowekwa mchangani, haizidi nusu.